Majina ya Waliotangulia: Wafu wa Mashamba ya Juba

Ni ada ya Waislamu wa Juba, kama ilivyo ada ya ndugu zao wa Uganda na wa pwani, kwamba mtu akifariki watu hukusanyika nyumbani kwake, mikeka hutandikwa, Kurani husomwa, na baadaye hutolewa sadaka ambayo watu wa huku huiita karama. Katika mikusanyiko hiyo husemwa mengi juu ya marehemu: alizaliwa kijiji gani, alisoma chuoni kwa nani, alioa wapi, alifanya biashara gani, na ni nani aliyemlea alipokuwa yatima. Sharia imekataza kuwataja wafu kwa ubaya, na wazee wengi huishika amri hiyo. Walakini hawakosi wachache wanaoshindwa kujizuia, wakasema kwa kicheko kwamba marehemu alikuwa mzito wa kulipa deni, na wenye kudai wakapata nafasi ya kukumbusha haki zao. Yote hayo husemwa kwa ulimi. Miaka ikipita wasemaji nao hufariki, na khabari zile huwafuata kaburini.

Kwa watu wa mjini hasara hiyo ina kiasi. Mtu akifa Malakia, mtaa wa kale wa Waislamu wa Juba, wapo wengi waliomjua, na wapo wanaojua kuandika. Lakini mbali na mji, katika njia ya Yei, katika njia ya Nimule, na katika vilima vya Kajo-Keji, Waislamu ni wachache, nyumba mbili hapa na nyumba tano pale, nao wamezungukwa na jamaa zao wa damu, Wabari na Wakuku na Wakakwa, ambao wengi wao ni Wakristo. Hao ni watu wa jembe. Hulima mtama, muhogo, karanga na ufuta, na mwenye duka huuza chumvi, sabuni na sukari. Akifa mmoja wao, watu wanaomzika huwa wachache, na kaburi lake huwa kando ya nyumba yake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya nchi.

Wafu hao walikuwa watu wa namna gani? Karibu kila kijiji chenye Waislamu kilikuwa na mwalimu wa khalwa, mzee asiye na mshahara, aliyekaa chini ya mti na watoto wenye mbao zilizoandikwa kwa wino wa masizi, na malipo yake yalikuwa kikapu cha nafaka wakati wa mavuno. Huyo ndiye aliyefungisha ndoa, ndiye aliyesalisha Idi, na ndiye aliyejua tarehe ya kila jambo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyehesabu miezi. Palikuwa na mchinjaji, ambaye majirani wasio Waislamu walimwita achinje katika harusi zao ili wageni wote wapate kula. Na palikuwa na mama mmoja mtu mzima, wala si kila kijiji kilijaliwa kuwa naye, aliyejua kuosha maiti za wanawake. Mama wa namna hiyo aliweza kuitwa usiku, akatembea kwa miguu mpaka kijiji cha mbali, akaosha, akakata sanda vipande vitano, akarudi kwake asubuhi kulima. Hakupata kutajwa katika kitabu chochote. Naye alipokufa, waliobaki waliulizana nani atamwosha yeye, maana aliyejua kazi hiyo ndiye aliyelala pale mbele yao.

Wengi wa watu hao wamefariki katika muda wa miaka michache, tena si kwa uzee peke yake. Vita vya ndani vya Sudani ya Kusini vilianza Juba tarehe 15 Disemba 2013, miaka miwili na nusu baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011. Mwanzoni nchi za kusini ya Juba hazikuguswa sana, na watu waliendelea kulima. Palipopiganwa tena mjini Juba, tangu tarehe 8 hadi 11 Julai 2016, moto ukatoka ukaingia mashambani. Njia ya Yei ikafungika, vijiji vikachomwa, na kufikia mwanzo wa 2017 Kajo-Keji, nchi iliyokuwa na watu wengi, ikawa karibu tupu. Watu wakavuka mpaka kuingia Uganda. Kambi ya Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepokea watu zaidi ya 250,000. Mwezi wa Agosti 2017 wakimbizi wa Sudani ya Kusini waliokuwa Uganda wakatimia milioni moja.

Katika kukimbia huko wazee ndio waliobaki nyuma. Mwenye miguu alikwenda, na asiyeweza akasema atalinda nyumba. Wengine walikufa njiani kwa homa na njaa, wakazikwa na watu wasiowajua. Wengine hakuna ajuaye walivyokufa, wala walipozikwa, wala kama walizikwa.

Wataalamu wa chuo cha tiba cha London walifanya hesabu mwaka 2018, wakakisia kwamba tangu Disemba 2013 hadi Aprili 2018 watu kadiri ya 382,900 walikufa ambao wasingalikufa lau kuwa hapakuwa na vita. Karibu nusu yao kwa silaha, na waliosalia kwa maradhi, kwa njaa, na kwa kukosa dawa. Hesabu hiyo ni ya maana, kwani kabla yake palitajwa idadi ndogo mno. Lakini hesabu haina majina. Mwana wa mwalimu wa khalwa akiitazama hawezi kumwona baba yake ndani yake. Wako wananchi wa Juba waliolifahamu jambo hilo mapema: mwaka mmoja baada ya vita kuanza, Disemba 2014, yalitangazwa majina ya baadhi ya waliouawa, wa kila kabila na kila dini, yaliyokusanywa na watu wa kujitolea kutoka kwa jamaa za marehemu. Hiyo ilikuwa kazi njema, nayo haikuweza kufika katika kila kijiji.

Huenda mtu akauliza: Mwenyezi Mungu anawajua waja wake wote, basi majina yaandikwe kwa faida gani? Marehemu hana haja ya daftari. Walio hai ndio wenye haja, na katika sharia ya Kiislamu haja hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mwanzo ni mjane. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, na siku hizo huanza kuhesabiwa tangu kufa kwa mume. Ikiwa siku ya mauti haijulikani, eda nayo ina shaka. Na ikiwa mauti yenyewe hayajulikani, mwanamke yule si mjane wala si mke mwenye mume. Sharia humwita mume wa namna hiyo mafkudi, yaani aliyepotea bila khabari. Katika madhehebu ya Imam Malik, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Sudani, mke hupeleka shauri lake kwa kadhi, akangoja miaka minne, kisha akakaa eda ya mauti, ndipo akawa huru kuolewa. Wanavyuoni wengi wa Kishafii wamesema angoje mpaka mauti yathibitike. Mahakama za sharia za Sudani zilichagua hukumu za Imam Malik katika mambo ya mume aliyepotea tangu kabla ya mwaka 1920, kwa kuwahurumia wanawake. Lakini mwanamke aliyekaa chini ya turubai huko Yumbe ampate kadhi gani, na miaka minne ihesabiwe tangu siku gani, ikiwa hapana aliyeandika siku ile kijiji chake kilipochomwa?

Mali ya aliyepotea ni tabu zaidi. Mke aweza kuachiliwa baada ya miaka minne, lakini urithi hukaa ukingoja mpaka mtu yule atimize umri ambao watu wa rika lake kwa kawaida huwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo ng'ombe na kiwanja hubaki bila mwenyewe, na mayatima huyatazama mali ya baba yao yakiliwa na wengine. Shahidi mmoja anayeweza kusema, "Nilimwona amekufa, nami nilimzika mahali fulani," akapata na mwenziwe wa pili, hufungua fundo hilo kwa siku moja. Mashahidi hao nao ni watu wa mashamba, nao wanakufa.

Na deni je? Katika mali ya marehemu hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Kijijini madeni hayaandikwi. Gunia la karanga lililokopeshwa kwa ndugu, shilingi za Uganda zilizotumwa kununua sabuni Koboko, ng'ombe wa mahari waliosalia: yote yalikuwa katika kichwa cha mzee mmoja.

Hata sala imo katika jambo hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata khabari ya kufa kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, alimsalia hali yeye yuko Madina. Imam Shafi na Imam Ahmad wameitumia khabari hiyo kuhalalisha sala ya maiti aliye mbali; Imam Malik na Imam Abu Hanifa wameona kwamba lilikuwa jambo la Najashi peke yake. Basi Mnubi wa Bombo aliyesoma kwa walimu wa pwani humsalia ami yake aliyekufa Kajo-Keji, na ndugu yake wa Juba humwombea dua tu. Wote wawili wako katika njia njema, wala haifai kugombana. Lakini wote wawili wanahitaji kwanza kupata khabari.

Kuandika majina yenyewe katika nchi hii si kazi nyepesi. Wabari na jamaa zao huwapa watoto majina kwa kufuata mpango wa kuzaliwa: Lado ni mtoto wa kiume wa pili, Wani ni wa tatu. Katika kijiji kimoja waweza kuwapo kina Wani kumi, wote watu wazima, wote wana wa watu mbalimbali. Mwislamu huongeza juu yake jina la Kiislamu, naye huitwa kwa hili msikitini na kwa lile shambani. Akisema mtu kwamba Wani amefariki hajasema kitu, mpaka amtaje baba, na babu, na kijiji, na mto walikochota maji.

Tena majina haya mawili yana tarikhi yake. Tarehe 25 Januari 1930 Sir Harold MacMichael, katibu mkuu wa serikali ya Waingereza huko Khartum, alitoa waraka wa siasa ya kusini. Makusudi yake yalikuwa kuitenga kusini na kaskazini: wafanya biashara wa kaskazini waondolewe kidogo kidogo, Kiarabu kisitumike, na Kiingereza na lugha za makabila zishike mahali pake. Katika wilaya nyingine maofisa walipita mpaka, wakakataza hata kanzu na majina ya Kiarabu. Siasa hiyo iliachwa mwisho wa 1946, na mwezi wa Juni mwaka uliofuata ukafanywa mkutano wa Juba. Walakini miaka kumi na sita ilikuwa imetosha kuwafundisha watu kuwa na jina la nyumbani na jina la ofisini. Baadaye, serikali ya Khartum ilipotaka kuwafanya watu wote wa kusini Waarabu na Waislamu kwa nguvu, jambo lililoidhuru dini kuliko kuinufaisha, wapo waliorudi kulificha lile jina jingine. Hivyo mtu mmoja huweza kuonekana katika karatasi tatu kwa majina matatu, na watoto wake wakashindwa kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni baba yao.

Tangu uhuru jambo hilo limekuwa na uzito mpya. Sheria ya uraia ya Sudani ya Kusini ya mwaka 2011 inampa uraia mtu ambaye mzazi wake, au babu au bibi yake, au mzazi wa babu au bibi yake, alizaliwa katika nchi hii. Ni sheria yenye nafasi pana, wala haikubagua dini. Lakini mtu wa Malakia, ambaye ukoo wake umechanganyika na Wabari, Wamoru, Wamakaraka, na askari waliotoka mbali, humlazimu kumtaja mtu aliyezaliwa zaidi ya miaka mia iliyopita, na kuleta jamaa mkubwa wa kumshuhudia. Jamaa huyo mkubwa mara nyingi ni mzee wa shamba. Akifa bila ya maneno yake kuandikwa, vijana wake husimama mbele ya meza ya ofisa hawana la kusema.

Jambo hili limekwisha kuwafika watu waliotoka nchi hii hii, na tarikhi yao inafaa kukumbukwa. Samuel Baker alitwaa Gondokoro kwa jina la Khedive wa Misri mwaka 1871. Gordon alipokuja mwaka 1874 akahamishia makao Lado, na tangu mwaka 1878 mtawala akawa Emin Pasha, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa akitumikia dola ya Misri. Askari wao walikaa katika ngome za kando ya Nili, Lado, Rejaf, Kiri, Muggi, Dufile, wakaoa wanawake wa nchi, na ndimo Uislamu ulimotia mizizi katika sehemu hizi. Khartum ilipoanguka mikononi mwa Mahdi mwezi wa Januari 1885, wakakatika na ulimwengu. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889 akafika Bagamoyo mwezi wa Disemba. Askari wengi walibaki na Selim Bey, ofisa wao, mpaka Lugard alipowakuta Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, mwezi wa Septemba 1891, akawachukua kuitumikia Uganda.

Lugard aliwahesabu. Askari walikuwa kama 600. Pamoja na wake, watoto na wafuasi walikuwa kadiri ya 8,000. Majina ya maofisa wachache yakaandikwa. Wale maelfu waliosalia, mabinti wa Kibari na wa Kimakaraka waliotembea na watoto mgongoni, wakawa nambari. Selim Bey mwenyewe alishukiwa na Waingereza mwaka 1893, akapelekwa pwani hali ni mgonjwa sana, akafa njiani, huko Naivasha. Kwa kuwa alikuwa mkubwa, mahali alipofia pamejulikana. Wanawake waliokufa katika safari ile ya kutoka Kavalli hakuna ajuaye makaburi yao.

Watoto wa safari hiyo ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera. Huko Nairobi wakubwa wa jeshi waliwaweka askari wazee Kibera tangu mwaka 1904, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Hawakupewa hati. Mji ukakua, ardhi ikamegwa, na kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka kumi na minane akitaka kitambulisho cha Kenya aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa karatasi za babu yake. Babu alikuwa amezikwa Kibera, na kaburi lilikuwapo, lakini karatasi haikuwapo. Shauri la watoto wa Kinubi lilifika mbele ya kamati ya Afrika ya haki za watoto, ikatoa uamuzi Machi 2011 kwamba wamedhulumiwa. Na mwaka 2015 Tume ya Afrika ya haki za binadamu ikaamua hivyo hivyo juu ya jamii nzima. Mwezi wa Juni 2017 serikali ya Kenya iliwapa hati ya ekari 288. Kutoka 4,197 hadi 288: hicho ndicho kilichosalia, nacho kilipatikana kwa sababu wazee walikazana kutaja nani alizikwa wapi, na nani alikuwa mwana wa nani, mpaka wakasikilizwa.

Yumbe, walikokimbilia watu wa Yei na Kajo-Keji, ni nchi ya Waaringa, na wengi wao ni Waislamu. Baada ya Idi Amin kuondolewa mwaka 1979, Waaringa wengi walikimbia vita vya nyumbani mwao wakaingia Sudani ya kusini, wakakaa miaka mingi. Watu wa Kajo-Keji na Yei waliwapa mahali pa kulima. Wengi walifia huko wakazikwa huko, na waliosalia wakarudi kwao. Mwaka 2016 wenyeji wao wa zamani walipofika Yumbe na mafurushi kichwani, Waaringa walikuwa na la kukumbuka, wakatoa mashamba yao yafanywe kambi.

Wazee wa pande mbili walipokutana, baada ya salamu na maji ya kunywa, Mwaringa aliyezika mamaye huko ng'ambo zaidi ya miaka thelathini nyuma alikuwa na swali lake: ule mwembe ungalipo, na je, kaburi lililokuwa chini yake bado laonekana? Aliyetoka kule ndiye aliyeweza kumjibu. Naye kabla hajapewa kiwanja cha kujenga, aliuliza ni wapi wageni wanapozikwa, kwa maana alikuwa amekuja na mgonjwa.